Kikohozi cha Jasinto na Majani ya Mpera

Kila msimu wa korosho, kijiji kizima kilikohoa.

Kilikuwa kijiji kipya mkoani Mtwara, njia ya kwenda Kilambo. Serikali iliwahamishia watu pale wakati wa Operesheni Vijiji. Nyumba zilipangwa mistari, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Zamani kila mtu aliishi peke yake porini. Ulipokohoa, mbuzi wako ndiye aliyekusikia. Sasa ulipokohoa, jirani alisema "pole" kabla hujamaliza.

Korosho zilikaangwa nje, kwenye bati lenye matundu. Mafuta ya maganda yaliposhika moto, moshi mweusi ulipanda. Moshi ule hauna adabu. Uliingia machoni, uliingia puani, uliingia kooni. Koo liliwasha na kuvimba. Watu walikohoa, wakacheka, wakasema, "Ni kikohozi cha korosho. Mvua ikinyesha kitakwisha."

Na wengi wa waliokohoa walikwenda kwa Esperanca.

Esperanca alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya juu. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Siku ya kuhama, watu walibeba milango na mabati. Esperanca alibeba mche wa mpera ndani ya kopo la mafuta. Watu walimcheka sana.

"Mama Isabel, utalala chini ya mpera?" walimwuliza.

"Chekeni tu," alijibu. "Mkikohoa mtanijua."

Mpera ulikua, nao walikohoa, wakamjua. Esperanca alichuma majani machanga ya mpera, akayachemsha, akayachuja, akatia tangawizi. Mgonjwa alikunywa dawa ikiwa ya moto. Mwenye koo lililovimba alisukutua kwa maji hayo pamoja na chumvi kidogo. Wengi walipata nafuu. Hata nesi Veronika, jirani yake, aliwahi kunywa. Veronika kwao Singida. Aliletwa kufanya kazi katika zahanati ya kijiji, na moshi wa korosho ulimkaribisha vizuri.

"Dada, dawa yako chungu, lakini imenisaidia," alisema Veronika.

Esperanca alifurahi. Nesi mzima alikunywa dawa yake! Habari hiyo aliisimulia mpaka kuku wake wakaijua.

Mume wa Esperanca aliitwa Jasinto. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na kifua cha kuimba. Siku za kulima shamba la kijiji, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

"Jembe linaita!" aliimba Jasinto.

"Mvua njoo!" waliitikia watu, na majembe yote yalishuka pamoja.

Sauti yake ilifika mwisho wa shamba. Mvivu alilima bila kujua kuwa analima. Mwenyekiti wa kijiji alisema, "Huyu Jasinto ana faida kuliko trekta. Trekta linataka dizeli, yeye anataka mihogo tu."

Mwaka ule Jasinto naye alikohoa. Nani angeshangaa? Kila mtu alikohoa. Esperanca alimchemshia majani ya mpera. Jasinto alikunywa, akapata usingizi.

Kisha mvua zilianza. Korosho zilikwisha. Mabati yaliegemezwa ukutani na moshi ukapotea. Watu wakaacha kukohoa, mmoja baada ya mwingine. Jasinto hakuacha.

"Moshi wa mwaka huu umeingia mpaka kwenye mifupa," alisema mwenyewe.

"Basi nitakuchemshia dawa nzito zaidi," alisema Esperanca.

Alichemsha majani mengi mpaka maji yakawa meusi. Jasinto alikunja uso, akanywa. Kikohozi kilipungua, kisha kikarudi.

Ndipo alipofika Adelino. Huyu ni kaka yake Esperanca. Alikuwa na utani mwingi na sauti mbaya. Akiimba, mbwa walihama. Adelino alimtazama Jasinto kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Shemeji, suruali hiyo ni yako au umeazima kwa baba yako?" aliuliza. "Mbona mnaingia wawili?"

Watu wote waliokuwepo walicheka. Jasinto naye alicheka, akakaza kamba kiunoni. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mzima amekonda hivyo. Wakati mwingine kicheko hufunika jambo kama mkeka unavyofunika shimo.

"Tatizo ni maji," aliendelea Adelino. "Maji hayatoi nguvu ya majani. Loweka majani katika nipa. Nipa inatoa kila kitu."

Nipa ni pombe kali ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Serikali iliikataza, kwa hiyo watu waliinywa kwa kunong'ona.

"Nipa kwa mgonjwa?" aliuliza Esperanca.

"Dada yangu, hiyo si pombe tena. Ukishatia majani, ni dawa."

Esperanca alikubali. Aliloweka majani ya mpera katika chupa ya nipa. Yalipotoa rangi ya kahawia, alichuja. Jasinto alikunywa kikombe kidogo kila jioni. Loo! Alilala kama gogo. Kikohozi kilinyamaza mpaka asubuhi. Esperanca alimshukuru Mungu, kisha alimshukuru Adelino. Chupa ilipokwisha, alitengeneza nyingine.

Lakini asubuhi Esperanca alikuta shuka imelowa jasho. Jasinto aliacha ugali katikati. Ilipofika saa ya kwenda shamba, aliketi kwanza kizingitini.

"Baba Isabel, twende zahanati," alisema Esperanca siku moja.

"Kufanya nini? Nesi mwenyewe anakunywa dawa yako."

Esperanca alichukua shuka akaenda kuianika. Sifa yake mwenyewe ilimfunga mdomo.

Siku ya palizi ya shamba la kijiji ilifika. Wote walitoka, hata mwalimu, hata Veronika na jembe lake jipya. Jasinto alisimama mahali pake, mbele.

"Jembe linaita!" aliimba.

"Mvua njoo!"

"Jembe linai..."

Sauti ilikatika. Jasinto aliinama, akakohoa kwa muda mrefu. Watu walisimama wakingoja. Alitema mate chini, haraka akayafunika kwa udongo kwa jembe lake. Lakini Veronika alikuwa karibu naye. Aliona wekundu kabla udongo haujafunika.

"Kaka Jasinto," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ni damu."

"Ni koo tu, nesi. Nimechubuka kwa kuimba."

"Tangu lini unakohoa?"

"Tangu korosho."

"Korosho zimekwisha zamani. Mihogo hii imeota na inahitaji palizi, nawe bado unakohoa?"

Jasinto alitazama chini. Esperanca alikuja mbio.

"Nesi, anakunywa dawa yangu kila siku! Usiku hakohoi kabisa!"

"Dawa gani?"

Esperanca alieleza kuhusu nipa. Adelino, aliyekuwa nyuma yake, ghafla aliona palizi yake ina haraka sana.

Veronika hakucheka, wala hakufoka. Aliketi juu ya tuta, akamvuta Esperanca aketi naye.

"Dada, nguruwe pori wakiingia katika mihogo yako, mbwa anafanya nini?"

"Anabweka."

"Ukimfunga mbwa mdomo, utalala vizuri?"

"Nitalala."

"Na nguruwe?"

Esperanca alitazama matuta ya mihogo. Kisha alijibu polepole, "Watakula mihogo."

"Kikohozi ni mbwa. Kinabweka kwa sababu kuna kitu kifuani. Moshi ukiwasha koo, majani ya mpera yanatuliza. Mimi mwenyewe yamenituliza. Lakini kikohozi kisichokwisha, mtu anakonda, anatoka jasho usiku, anatema damu, hicho huenda ni kifua kikuu. Majani hayaui wadudu wa kifua kikuu. Na ile nipa ilimlaza tu mgonjwa. Haikumponya. Mbwa alinyamaza, nguruwe waliendelea kula."

Esperanca alijifunika uso kwa khanga.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewafungulia nguruwe?"

"Hukuwaleta wewe. Na mimi je? Nyumba yangu iko pale. Nilimsikia kila asubuhi akikohoa. Nikasema moyoni, ni korosho. Mimi ndiye nesi, nami nilisema ni korosho."

Majembe ya watu yaliendelea, lakini bila wimbo kila moja lilishuka kwa wakati wake.

Lori lililokuwa likibeba korosho lilimpeleka Jasinto hospitali ya Mtwara mjini. Esperanca alikwenda naye. Makohozi yake yalipimwa, akapigwa picha ya kifua. Ilikuwa kweli kifua kikuu. Daktari alieleza kuwa pafu moja limeharibika vibaya.

"Atapona?" aliuliza Esperanca.

"Akifuata dawa, ugonjwa utakwisha. Pafu lililoliwa halitarudi kama zamani. Mngemleta mapema, lingekuwa zima."

Jasinto alilazwa, na maneno hayo Esperanca aliyabeba mpaka nyumbani. Alipofika, hakuingia ndani. Alikwenda kusimama mbele ya mpera. Mti ulikuwa umejaa majani machanga, mazuri kabisa. Alichukua panga.

"Unafanya nini, dada?" aliuliza Veronika kutoka uani kwake.

"Naukata! Umeniponza huu!"

"Mpera haukusema kuwa unatibu kila kitu. Sisi ndio tuliosema."

Esperanca alisimama na panga lake. Kisha alilia. Alilia kwa sauti ile yake ya juu, na majirani wa mistari yote miwili walitoka kusema pole.

Machozi yalipokwisha, Veronika alimkumbusha Isabel, binti yao. "Kifua kikuu hupita hewani, mtu anapokohoa. Mliolala naye chumba kimoja lazima mpimwe. Kikombe na sahani havina kosa. Fungua madirisha, jua na upepo viingie."

Esperanca na Isabel walipimwa. Hawakuwa na ugonjwa. Siku hiyo Esperanca alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu palizi.

Jasinto alichomwa sindano nyingi hospitalini. Aliporudi kijijini, aliendelea na vidonge kwa miezi mingi. Alipoanza kunenepa, Adelino alimwambia, "Shemeji, sasa umepona, acha hivyo vidonge vinavyokunyima hamu ya nipa."

"Nyamaza wewe!" Esperanca alimkemea. "Nilikusikiliza mara moja. Nesi amesema akiacha katikati ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Ukitaka kumshauri, mletee mayai."

Adelino aliondoka. Jioni alileta mayai.

Msimu mwingine wa korosho ulifika, na moshi wake usio na adabu. Watu walianza kukohoa. Walikwenda tena kwenye mpera, lakini walimkuta Esperanca mwingine. Kabla ya kugusa jani, aliuliza maswali.

Rozalia alikuja na koo linalowasha. "Limeanza lini?" aliuliza Esperanca.

"Jana, tulipokaanga."

"Unakonda? Una homa? Kifua kinauma?"

"Mama Isabel, nimekuja kutaka majani, siyo kuolewa!"

"Jibu."

Rozalia alijibu: hapana, hapana, hapana. Basi Esperanca alinawa mikono, akaosha majani, akayachemsha katika maji safi, akafunika sufuria, akachuja kwa kitambaa safi.

"Kunywa leo. Usiweke mpaka keshokutwa, itachacha. Usimpe mtoto wako mchanga. Yeye akikohoa na kuhema haraka, usije kwangu, kimbia kwa nesi. Na wewe wiki mbili zikipita bado unakohoa, nenda kwa nesi vilevile."

"Na nipa?"

"Nipa mwulize Adelino, na umwulize ilimsaidia nani."

Kisha alikuja Josephu, mpakiaji wa magunia. Alikohoa kabla hajapiga hodi.

"Mama, nipe dawa nzito. Nakohoa tangu kabla ya korosho."

Esperanca aliutazama mkanda wa Josephu. Ulikuwa umetobolewa tundu jipya.

"Sikupi," alisema.

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Huyo mbwa simfungi mdomo. Twende zahanati, nitakusindikiza."

Josephu alinung'unika njia nzima. Alipopimwa, alikutwa na kifua kikuu, lakini kilikuwa bado kichanga. Alianza dawa mapema, akazimaliza zote. Leo anabeba magunia kama zamani, na anampita Esperanca akiimba, bila kujua kwamba wimbo wake unamchoma moyo mama yule.

Maana Jasinto alipona, lakini hakuimba tena kama zamani. Akilima kidogo hupumzika. Akipanda mlima hushika kifua. Siku ya kwanza aliporudi shamba la kijiji, watu walimwachia mahali pake, mbele. Alivuta pumzi.

"Jembe lina..."

Pumzi ilikwisha. Watu walitazama majembe yao. Esperanca alitazama mbali, upande wa mto Ruvuma.

Jasinto alimwita Adelino, akamnong'oneza sikioni. Adelino alishtuka.

"Mimi? Shemeji, unataka mihogo ikauke?"

Jasinto alinong'ona tena. Adelino aliweka jembe chini. Uso wake haukuwa na utani hata kidogo. Alifungua kinywa, na ile sauti yake mbaya, ya bawaba isiyotiwa mafuta, ikatoka.

"Jembe linaita!"

Watu walicheka. Kisha waliona macho ya Jasinto, wakaacha kucheka.

"Mvua njoo!" waliitikia.

Majembe yalishuka pamoja. Tangu siku ile ndivyo wanavyolima. Jasinto hunong'ona mstari, Adelino huupaza. Wimbo ni uleule na kazi inakwenda. Esperanca hulima mstari wa mbele kabisa, karibu na mumewe, ili asikie ile sauti ndogo kabla Adelino hajaifunika.