Mwarobaini Uliovunjika Mtaani kwa Shangazi Fatu

Kila siku Yusra aliamka kabla ya jua, akateka maji, akafagia uwanja, kisha akashika njia ya shule. Kutoka kwao Mkata hadi shuleni ulikuwa mwendo wa saa nzima kando ya barabara kuu. Mabasi na malori yalimpita yakimwachia vumbi na moshi, naye alikuwa amezoea kuziba pua kwa kola ya sare yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la tano.

Baba yake, Mzee Abdi, alilima mahindi na mihogo. Dada wa baba, Shangazi Fatu, alikuwa muuguzi Tanga mjini na hakujaliwa mtoto. Mwaka ule wa 1988 alimwandikia kaka yake barua, akiomba Yusra ahamie kwake asome huko. Mzee Abdi hakukubali wala hakukataa. Alimwambia binti yake aende kwanza likizo ya Juni, autazame mji kwa macho yake, kisha aseme mwenyewe kama anautaka.

Kilichomshangaza Yusra alipofika Tanga ni baiskeli. Mji ule ni tambarare, na ilionekana kama kila mtu anaendesha: wauza mikate, walimu, wazee wenye kanzu, hata akina mama wa makamo waliofunga khanga zao vizuri na kupakia watoto nyuma. Shangazi alimsimulia kwamba miaka michache nyuma ungeweza kutafuta tairi moja mwezi mzima usiipate. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na baiskeli mpya zilipangwa kwenye baraza za maduka. Mtaa wao ulikuwa na miti pande zote mbili, na kila nyumba ilifagia kipande chake cha njia. Yusra alivuta hewa, akaona kifua chake chepesi. Wiki ya kwanza haijaisha, alikwisha amua moyoni kwamba atahamia.

Jioni Shangazi Fatu alimfundisha kuendesha baiskeli yake. Yusra alishika haraka, ila breki zilimsumbua, kwa hiyo shangazi alimkataza kuigusa baiskeli akiwa peke yake.

Asubuhi moja, shangazi akiwa kazini, Yusra aliitoa. Alizunguka mtaa mara mbili bila shida. Mara ya tatu aliongeza mwendo, kona ikamshinda, akaparamia mwarobaini mchanga uliozungushiwa fito. Alipoinuka, goti lilikuwa linavuja damu na shina la mti limekatika. Alitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akazisimamisha fito kama zilivyokuwa, akarudisha baiskeli ndani.

Alasiri watu wa mtaa walikusanyika pale. Mwenye kuutunza mti ule alikuwa Mzee Matayo, fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyeanzisha kazi ya kupanda miti mtaani. Hakufoka. Alichuchumaa tu, akalishika shina lile kwa muda mrefu. Ni wengine waliosema kwamba hiyo ni kazi ya mbuzi wa Mama Efrazia. Mama Efrazia, mjane wa jirani, alijibu kwamba mbuzi wake wawili walifungwa tangu alfajiri. Hakuna aliyemsikiliza. Waliafikiana kwamba ifikapo Jumamosi awe amewaondoa. Yusra alikuwa amesimama mlangoni, akisikia yote. Maziwa ya mbuzi wale ndiyo aliyokuwa akinywa kila asubuhi.

Shangazi Fatu alirudi amechangamka. Alikuwa amezungumza na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, na nafasi ya Yusra ilikuwepo kuanzia Januari. Yusra alishindwa kula. Aliwaza kwamba akisema, shangazi atamrudisha Mkata. Akinyamaza, atapata shule na mtaa ule wenye kivuli, na kila asubuhi atapita mbele ya zizi tupu la Mama Efrazia. Akaiona njia ile nzuri kama kitu alichokiiba.

“Shangazi,” alisema, “mti si mbuzi walioukata. Ni mimi, na baiskeli yako.”

Shangazi alifunika chakula. Kisha akavaa viatu. “Twende. Lakini utasema wewe, si mimi.”

Walikwenda kwanza kwa Mama Efrazia. Yusra alipiga goti, akaamkia, akaeleza yote. Mama Efrazia alimtazama, akasema, “Nimekusikia,” akaingia ndani. Kutoka hapo walikwenda kwa Mzee Matayo, naye alisikiliza mpaka mwisho, akawaita majirani, akamtaka Yusra arudie mbele yao. Wale waliosema sana walikwenda mmoja mmoja kumwomba radhi mjane. Kisha mzee akamwonyesha Yusra kwamba mizizi ilikuwa hai. Alilisawazisha shina kwa kisu na kumwambia kwamba mwarobaini huchipua tena, ukipata ndoo mbili za maji kila siku.

Yusra alibeba ndoo hizo mpaka mwisho wa likizo. Mabega yalimuuma, na siku nyingine alichukia. Lakini kila alipokwenda bombani alikutana na wenye ndoo wengine wakielekea kwenye miti yao.

Siku ya kuondoka, Mzee Abdi alikuja kumchukua, akamkuta kando ya mti na ndoo mkononi, akaambiwa kila kitu. Alimuuliza binti yake kama bado anataka kuhamia.

“Nataka, baba. Lakini sasa naogopa kidogo. Kuna kazi.”

Mzee Matayo, aliyekuwa akijaza upepo tairi karibu yao, aliinua kichwa. “Ulipofika, mjukuu wangu, uliupenda mtaa huu kama mgeni anavyopenda chakula alichopikiwa. Sasa umeingia jikoni. Mti ukivunjika hupandwa mwingine. Lakini kama kila mtu angeficha kosa lake na kumwachia jirani alibebe, mtaa huu usingekuwa na mtu wa kushika ndoo.”

Mzee Abdi alitikisa kichwa kukubali. “Basi Januari utakuja,” alisema.

Mama Efrazia alitoka uani kwake. Hakuwa amezungumza na Yusra tangu siku ile. Alimpokea ndoo mkononi.

“Mpaka Januari nitaumwagilia mimi,” alisema. “Ukija, ni wako.”