Waya Ambao Elsie Hakuukwangua

Kila Jumamosi asubuhi Elsie alipiga deki nyumba yao ya chumba kimoja mtaani Mbotela, akatandika vitambaa juu ya makochi, kisha akatoka kucheza. Jumamosi hiyo hakucheza. Kukhu, nyanya yake mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Kakamega kwa maombi ya kumkumbuka marehemu baba yake Elsie. Alitaka jambo moja tu: kumsikia mwanawe akiimba tena. Wimbo aliourekodi ulikuwa kwenye simu ya mama, lakini masikio ya Kukhu yalikuwa mazito. Bila spika kubwa za baba, asingesikia chochote.

Waya wa spika ulikuwa umetafunwa na panya. Mama yake, Nabiswa, alimpa Elsie wembe. "Nunua wa shaba. Ukwangue ncha kwanza. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa rangi, hukatika upesi; uache."

Dukani Eastleigh, Elsie alichagua waya mnene unaong'aa. Alipotoa wembe, rafiki yake Mitchelle akaangua kicheko. "Wacha ushamba, bana! Watu wanatucheki!" Elsie aliona haya, akaurudisha wembe mfukoni na kuununua waya hivyo hivyo.

"Umeukwangua?" mama aliuliza aliporudi nyumbani.

"Ndiyo, mama. Ni shaba."

Mama akaupitisha chini ya zulia, akaukunja pembeni hadi karibu na kiti cha Kukhu. Wageni wakaketi. Spika zikakoroma kidogo, zikanyamaza. Kwa kuwa alimwamini mwanawe, Nabiswa hakuugusa waya. Alifungua amplifaya, skrubu moja baada ya nyingine, jasho likimtiririka. Elsie alitamani ardhi ipasuke immeze. Kila alipotaka kusema, aliwatazama wageni, akaahirisha. Wageni waliomba, wakanywa chai, wakaanza kuaga.

Kukhu naye alikuwa na basi la kuwahi. "Basi, mwanangu. Labda sikujaliwa," alimwambia Nabiswa, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka na wageni wa mwisho.

Hapo Elsie akaangua kilio. "Mama, sikuukwangua. Nilikudanganya!"

Mama alichukua wembe akakwangua ncha. Juu ilikuwa rangi ya shaba, ndani weupe mtupu, na penye kunjo waya ulikuwa umekatika ndani ya plastiki. Alifunga amplifaya, akaazima waya kwa jirani yao Nyamai, akaunganisha. Sauti ya baba ikajaa chumbani, safi kabisa. Mbele ya spika kiti kilikuwa kitupu. Elsie alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Waya mbovu ningeubadilisha kabla chai haijachemka," mama alisema polepole. "Lakini uliniambia ni shaba, nikatafuta ubovu mahali usipokuwa. Disemba tutazipeleka spika Kakamega, Mungu akimweka hai."

"Na asipomweka?"

Mama alizima amplifaya. "Basi tutaishi na hilo, mimi na wewe. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: ukikosea, sema papo hapo, kosa likiwa bado linaweza kurekebishwa."