Karani na Mkewe Fundi Friji

— Mke wangu, redio iko wapi?

— Si hiyo hapo mezani.

Karani wa benki akatazama meza. Aliona skrubu, nyaya na spika imelala kifudifudi.

— Ilikuwa na ubovu gani?

— Haikuwa na ubovu. Nilitaka tu kuhakikisha.

Karani akaokota skrubu moja. Walipooana, alimkataza mkewe, fundi wa friji, asikanyage tena karakana. "Watu watasema nimeshindwa kukutunza," alimwambia. Mkewe, kwa kumpenda, akavua ovaroli, akaitundika kabatini. Tangu hapo kila kitu nyumbani kilifunguliwa: pasi, feni, hata kitasa cha mlango wa choo, ambacho karani alibaki nacho mkononi akiwa ndani, akipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Baadaye siku hiyo, akiwa kazini, simu ikaita. Ni mama yake, aliyekuja kuwatembelea.

— Mwanangu, njoo upesi! Mkeo ananitazama.

— Kukutazama kuna ubaya gani, mama?

— Anasema goti langu linakwaruza, linataka grisi! Mrudishe kazini kabla hajanifungua na mimi!

Karani alicheka mpaka machozi. Kisha ukaingia ujumbe wa mkewe: "Mume wangu, leo sifungui kitu tena. Nimekaa tu. Sijui hii mikono niipeleke wapi."

Kicheko kikakatika. Akaomba ruhusa, akarudi nyumbani. Alimkuta mkewe ameketi sakafuni, kaegemea friji.

— Kwani sikutunzi vizuri?

— Unanitunza, mume wangu. Nakula, navaa. Lakini friji iliyokufa ikinguruma tena mikononi mwangu, moyo wangu nao unanguruma. Nimeukosa huo mngurumo.

— Niliogopa maneno ya watu.

— Hao watu friji zao zikifa, wanamwita nani?

Karani akaenda chumbani. Akaichukua ovaroli kabatini, akamkabidhi.

— Vaa, twende.

Karakanani mjomba wa mkewe, mwenye karakana, nusura alie kwa furaha. Friji mbovu zilikuwa zimejaa hadi mlangoni. Karani akataka kuaga.

— Unakwenda wapi? mkewe akafoka. Shika huku!

Akaishika friji, tai begani, jasho linamtiririka. Mteja wa benki akapita, akaduwaa.

— Karani! Kulikoni, umefukuzwa kazi?

— Sijafukuzwa, namshikia fundi, karani akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Na fundi mwenyewe ni mke wangu!