Mwajabu na Bomba la Matope

Sogeeni, wapenzi. Twendeni pale Mto Rufiji unapokutana na bahari.

Pale kuna mikoko, kuna matope meusi, na kuna Mwajabu. Matope yamemfika magotini. Mwenyewe anacheka tu.

Kazi ya shangazi yake, Zamaradi, ni kuyauliza matope habari za zamani. Leo amekuja na bomba refu.

"Shangazi, matope yanajuaje?"

"Majani huanguka, mama. Matope huyafunika. Mengine huanguka, matope huyafunika tena."

*Jana iko chini, leo iko juu.*
*Lala, jani, lala.*

Shangazi akalisukuma bomba chini. Titi, titi, titiii! Akalivuta. Fyooo! Likatoka limejaa matope.

"Lishike wima, mama. Naenda mtumbwini kuchukua kalamu, niandike JUU kwenye ncha hii ya juu."

Mwajabu akalishika. Lo, zito! Likamteleza. Pwaa! Likaviringika, biringi, biringi, mpaka kwenye mizizi.

Akatazama ncha hii. Matope. Akatazama ncha ile. Matope. Juu ilikuwa wapi?

Na maji ya bahari yalikuwa yanajaa. Chwa, chwa, chwa. Hapakuwa na muda wa kuchimba tena.

Shangazi aliporudi, Mwajabu alitaka kunyamaza. Moyo ukakataa.

"Shangazi, nimeliangusha. Sijui juu ni wapi." Machozi yakamtoka.

"Pole, mama. Tukilisoma kichwa chini, hadithi yote itakwenda kinyumenyume. Hebu tutazame tena, polepole."

Mwajabu akainama, pua karibu na matope. Ncha hii, kimya. Ncha ile... bwi, bwi, bwi.

Povu! Na kashimo! Kaa mdogo mwenye gando jekundu akachungulia nje. Alikuwa amekasirika kweli kweli.

"Shangazi! Kaa anaishi juu! Leo iko huku!"

"Hapo hapo, mwanangu!" Shangazi akaandika JUU. Kaa akaenda zake, wala hakuaga.

*Jana iko chini, leo iko juu.*
*Lala, jani, lala.*

Nyumbani, Shangazi akalipasua bomba. Juu, majani ya mikoko. Chini kabisa, mabua membamba ya matete.

"Matete hupenda maji yasiyo na chumvi," akasema. "Basi zamani hapakuwa na mikoko. Bahari haikufika, ni mto tu uliopita huku kwetu."

"Na viboko?"

"Labda na viboko."

Giza lilipoingia, Mwajabu akajilaza mkekani. Macho yakawa mazito. Akausikia mto wa zamani ukipita taratibu, na kitu kikubwa kikipumua karibu naye. Fuuu. Fuuu.

Mwajabu akasogea kidogo, ili kiboko naye apate pa kulala.