Bomba la Nyuma ya Choo

Kwetu Malukhu tuliipenda mvua kwa sababu mbaya. Shimo la choo likijaa, mume wangu Ojwang, askari magereza, alingoja mvua kubwa. Kisha alizibua bomba la nyuma ya choo, uchafu ukaenda na mtaro.

"Roselyn, umeona? Kazi kwisha!" alisema. Mimi nilicheka. Majirani nao walifanya hivyo hivyo.

Binti yetu Brigid ameolewa huko chini, Namatala. Alikuwa akichota maji ya chemchemi ya huko. Mwaka 1997 mtoto wake Docus alihara siku mbili, akafa. Matangani nilimgombeza Brigid mbele ya watu: "Mchafu wewe! Hata mikono hunawi!" Mungu anisamehe.

Mwaka uliofuata alikuja Nabifo, mfanyakazi wa afya. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiandika vyoo, mitaro, chemchemi na wagonjwa. Kompyuta moja kule Jinja iliunganisha habari hizo zote katika ramani moja. Aliitandaza mezani kwetu. Brigid alikuwepo, kitinda mimba wake mgongoni.

"Afande, mistari ya buluu ni mitaro," alisema Nabifo. "Alama nyeusi ni vyoo vyenye bomba. Nyekundu ni nyumba zilizougua. Sasa fuata maji kwa kidole."

Kidole cha Ojwang kilitoka kwetu, kikateremka na mtaro, kikafika kwenye chemchemi ya Namatala. Hapo nyekundu zilijaa tele.

"Hii nyumba ya nani?" aliuliza Brigid, akigusa moja.

"Ni yako, dada."

"Uongo!" Ojwang alifoka. "Kompyuta itajuaje choo changu?"

"Choo nilikiandika mimi, Afande. Yenyewe inaonyesha tu maji yanateremka wapi."

Ojwang alifuata tena mstari kwa kidole, kutoka kwetu hadi kwenye chemchemi. Kesho yake aliziba bomba kwa saruji, akachimba shimo jipya. Nabifo aliwaonyesha majirani ramani, nao wakaziba. Manispaa ikahamisha mtaro mbali na chemchemi. Brigid sasa anachemsha maji ya kunywa. Mvua zilizofuata, mtoto wake hakuhara hata siku moja.

Nilimwomba Brigid msamaha jikoni kwake, tukiwa wawili tu.

"Mama, mbona hapa jikoni?" alisema. "Kunitukana ulinitukana mbele ya watu."

Alisema kweli. Basi nikatoka kwenda kwa wote waliokuwa matangani, mlango kwa mlango. Kwa kila mmoja nilisema, "Mchafu nilikuwa mimi."