Kaunta ya Zita Careen

Zita Careen ndiye aliyeisimulia kwanza habari hii, Machi 1989, juma moja baada ya kumzika mumewe Ambrose. Alimwambia wifi yake peke yake, mchana, wakiwa wameketi sebuleni na mlango wa jikoni umefungwa. Hakuwahi kuirudia. Yaliyoandikwa hapa ni kama alivyoyasema, na vipimo ni vyake mwenyewe.

Ilikuwa vuli ya 1963, Ghuba ya Careen, kisiwa cha Newfoundland. Umeme ulikuwa umefika kijijini mwaka uliotangulia, na Zita, ambaye hakuzaliwa pale bali aliolewa tu, alikuwa ameamua kwamba jiko lenye taa ya umeme haliwezi kuendelea kuwa na rafu za mama mkwe. Seremala wa Placentia alimtengenezea makabati sita meupe. Yalifika kwa boti, yamefungwa kwa magunia. Yakasimama ukutani bila kitu juu yake, kwa kuwa Zita alikuwa hajaamua kaunta iwe ya nini.

Alikuwa mtu wa kuchagua polepole. Vipande vya zulia la plastiki alivyoletewa na mwenye duka alivipanga sakafuni, mbele ya makabati, akavitazama siku tatu: asubuhi, adhuhuri, na taa ikiwashwa. Ambrose alikuwa akiviruka kila akiingia kunywa chai, na akamuuliza mkewe kama siku ya kuolewa alimkagua yeye namna hiyo. Zita akamjibu kwamba angemkagua hivyo, Ambrose angekuwa bado yuko kwa mama yake.

Akachagua zulia la rangi ya maziwa lenye madoa ya kahawia. Likatandikwa, likapendeza. Lakini kila fomika aliyoonyeshwa, yale mabamba magumu ya plastiki ya kufunikia kaunta, iligombana nalo. Ya kijivu ilimkumbusha makaburi. Ya kijani ilifanya makabati yaonekane machafu. Alitaka mbao, ubao mmoja mpana wa rangi ya asali usio na kiungo, na ubao wa namna hiyo ulikuwa hauuzwi popote.

Ambrose aliuona kwa Shangazi Mena.

Shangazi Mena alikuwa bibi jirani, mdogo wa umbo, aliyekuwa ameosha na kulaza maiti wa kijiji kile kwa miaka arobaini. Mwezi huo alikuwa hospitalini St. John's kwa matibabu ya macho, na Ambrose ndiye aliyemchanjia kuni na kumtunzia nyumba. Katika banda lake, nyuma ya mlango, ulisimama ubao wa msonobari. Ulikuwa na upana wa inchi ishirini na mbili, laini kama sabuni, bila fundo hata moja. Ambrose akauchukua. Alikusudia kumlipa bibi akirudi.

Hakujua ni ubao gani. Pale kijijini marehemu alilazwa sebuleni siku mbili au tatu, juu ya ubao uliowekwa kwenye viti viwili, lakini wanaume waliitwa kuingia baada ya kila kitu kufunikwa shuka jeupe mpaka chini. Ambrose alikuwa amekesha mbele ya ubao ule mara nyingi, pamoja na usiku wa msiba wa baba yake. Hakuwahi kuuona ukiwa mtupu.

Nafasi kati ya jiko la kuni na sinki ilikuwa futi nne kamili. Ubao ulikuwa futi sita na ushee. Ambrose akaukata, akaufunga kwa skrubu, akaupaka mafuta. Kipande kilichobaki alikitia kwenye moto wa jiko siku ileile. Zita alikumbuka kwamba kiliungua bila kutoa mlio.

Uliafikiana na sakafu kama vitu vilivyozaliwa pamoja. Zita aliita majirani wawili waje waone.

Asubuhi iliyofuata birika lilichemka kama kawaida, na mvuke ukatanda juu ya kaunta. Ukatanda kote isipokuwa katikati. Zita alidhani ni mafuta. Akapangusa.

Siku ya pili alitazama vizuri zaidi. Mahali pakavu palikuwa na kichwa. Palikuwa na mabega, na bega la kushoto lilishuka kuliko la kulia, kama la Ambrose tangu winchi ilipomvunja. Umbo liliishia magotini, pale ubao ulipokatwa. Alimwita mumewe. Ambrose akatazama, akasema mafuta hayakuenea, kisha akatoka bila kumaliza chai.

Siku ya tatu umbo lilikuwa na nyonga pana na kifundo cha nywele nyuma ya kichwa, kama cha Zita mwenyewe. Liliishia chini kidogo ya magoti. Zita hakumwita mtu. Alipangusa kwa aproni yake, na aproni ile akaitia motoni.

Siku ya nne umbo lilikuwa dogo. Lilikuwa na misuko miwili. Halikukatwa popote. Kati ya visigino na mwisho wa ubao palibaki nafasi ya kidole kimoja.

Tangu siku hiyo halikubadilika.

Loretta, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka sita. Kabla juma halijaisha aliacha kula. Akawa analala chali, miguu imebanwa pamoja, mikono imewekwa kifuani, mmoja juu ya mwingine. Zita alikuwa akiitenganisha. Akigeuka, anaikuta imerudi. Muuguzi alisema ni homa ya mafua. Lakini mtoto hakuwa na joto. Alikuwa baridi.

Adhuhuri moja, chumbani ghorofani, Zita aliinama kumfunika, na mtoto akamnong'oneza bila kufumbua macho.

"Mama, kuna mtu ananipima."

Ambrose alisikia kutoka mlangoni. Akashuka, akafungua skrubu, akaubeba ubao mpaka ufukweni, akauwasha kwa mafuta ya taa. Mafuta yaliungua yakaisha. Ubao ukabaki na rangi yake ya asali. Huko nyumbani, ghorofani, mtoto alikuwa ameacha kuitika. Wakaurudisha ndani kwa kuogopa kuuacha nje, na kwa kuogopa kuwa nao.

Kesho yake Shangazi Mena alirejea kutoka hospitali. Alifika jikoni kwa Zita kabla hata ya kufungua nyumba yake, kwa kuwa alipita bandani kwanza. Akasimama kwenye zulia jipya. Akautazama ubao, kisha ukingo wake uliokatwa. Akauliza kipande kingine kiko wapi. Ambrose akamwambia.

Bibi hakumgombeza. Aliwaeleza taratibu, kama mtu anayetaja dawa. Ubao ule ulikaa wima siku zote. Ulilazwa mtu alipokufa, na ulipomaliza kazi ulisimamishwa tena kabla jeneza halijatoka mlangoni. Mama yake alimfundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Ukilazwa katika nyumba isiyo na maiti, unangoja.

"Ungewachukua nyinyi wawili kwanza," alisema. "Uliwajaribu. Mlizidi urefu."

Zita akauliza afanye nini.

"Ana urefu gani, huyo mtoto?"

"Futi nne kasoro kidole."

Shangazi Mena alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Akavua viatu. Alisema kwamba ujanani alikuwa futi tano, lakini miaka imempunguza.

"Na macho hawakuyaponya, mwanangu. Kwa hiyo usinililie. Nishike mkono nipande."

Ambrose alitaka kumzuia. Bibi akamwambia aende akakae na mwanawe na amshike mguu, asiuachie.

Akajilaza juu ya kaunta. Kichwa kikafika ukingo wa upande wa jiko. Upande wa sinki miguu ilizidi. Ilizidi kwa shubiri moja, kuanzia juu ya vifundo. Zita akasema kwa sauti ya chini kwamba angeweza kukunja magoti.

"Haukubali aliyekunjwa. Ila anayejilaza mwenyewe unamchukua, na kinachozidi kinabaki." Aliweka mikono kifuani, mmoja juu ya mwingine. "Teleka birika. Usinitazame mpaka lichemke."

Zita aliteleka. Alitazama sakafu. Alihesabu madoa ya kahawia. Birika lilianza kuvuma. Nyuma yake kulikuwa na pumzi. Kisha ikabaki pumzi yake mwenyewe tu. Kisha birika likachemka.

Juu, Loretta aliomba mkate.

Padri aliandika kwamba ni moyo, na kwamba bibi alikuwa na miaka themanini na mmoja. Ambrose alimtengenezea jeneza kwa mikono yake, na ubao akauweka chini, ndani, akamlaza juu yake. Ulimfika vifundoni. Walifunika.

Kaunta mpya ilikuwa fomika ya kijivu. Zita hakujali tena kama inaafikiana na nini. Mvuke ulitanda juu yake kote, sawasawa, kila asubuhi.

Jumamosi ya kwanza alipiga deki. Sakafu ikakauka. Mbele ya kabati la sinki hapakukauka mahali pawili, padogo, palipokaribiana. Alileta kitambaa, akapangusa, pakalowa tena. Zilikuwa nyayo. Vidole vilielekea kaunta, kama vya mtu aliyesimama kupika. Mahali palipokuwa na nyayo, zulia lilikuwa na baridi ya jiwe.

Walibadilisha zulia mwaka 1965, wakaweka la kijani. Wakabadilisha tena 1971 na 1980. Fundi wa mwisho aling'oa mpaka mbao za chini, akatafuta maji, hakuyapata. Alisema mbao zimekauka kama mifupa. Jumamosi hiyohiyo nyayo zilikuwa juu ya zulia jipya, shubiri moja kutoka kabatini, zisizo na mguu juu yake.

Shangazi Mena alizikwa Novemba 1963. Ambrose alifariki Machi 1989, Zita mwaka 1994, na wifi aliyesimuliwa alifuata miaka sita baadaye. Aliye hai ni Loretta peke yake. Amepita sitini, ana afya, na anaishi katika nyumba ile. Akisimama mbele ya sinki kukata mkate, huweka mguu mmoja huku na mmoja kule, na katikati huacha nafasi.