Saa Iliyorudi Nyuma Dirishani

Zamfira alimaliza kukamua mbuzi. Akaweka ugali mezani, akakata jibini, akaketi kwenye benchi la dirishani kama kila jioni. Chini ya dirisha mto Danubi ulikuwa umetulia kabisa. Ng'ambo yake ni Serbia. Chini ya maji kuna kijiji cha zamani, kilichozama bwawa lilipojengwa. Mumewe, Costin, alizaliwa kule chini.

Costin alifia kwenye benchi hilo hilo, saa kumi na dakika kumi jioni. Siku ile Zamfira alifunika vioo na kuisimamisha saa ya ukutani, kama ilivyo desturi. Baada ya arobaini alivifunua vioo. Saa hakuigusa.

Simu ilitetemeka mezani. Dakika moja tu iliyopita ilisema saa kumi na moja na dakika tisa. Sasa ilisema saa kumi na dakika kumi. Chini yake palikuwa na ujumbe: "Karibu. Tunakutakia safari njema."

Ilikuwa jioni ya tatu mfululizo.

Jirani yake Ruja aliingia bila kubisha hodi, akausoma ujumbe.

"Usijifanye hujui," alisema. "Ni Costin. Anakuita."

"Costin hakujua kuandika ujumbe."

"Huko aliko wamemfundisha."

"Na salio langu? Jana niliweka vocha. Leo imekwisha, na sijampigia mtu."

"Alipokuwa hai alikula jibini lako. Sasa anakula vocha." Ruja hakucheka. Alichukua kitambaa cheusi kilichokuwa kimefunika kioo siku za msiba, akaiviringisha simu, akaifukia ndani ya pipa la unga. "Na hiyo safari ya Italia, iache. Anayekutakia safari njema hakutakii ufike Italia."

Zamfira hakulala vizuri. Binti yake, Sanda, alikuwa Padova. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na mumewe alikuwa kazini kwenye meli ya mizigo. Jumanne Zamfira alitakiwa kupanda basi dogo kwenda kumshika mkono wakati wa kujifungua. Sanda hakuwa na mtu mwingine.

Siku mbili baadaye honi ililia getini. Alikuwa Gelu, dereva wa basi dogo la Italia.

"Mama Zamfira! Umekufa au umenuna? Sanda amekupigia mara tisa! Aliteleza bafuni. Mtoto tumboni hajambo, lakini binti yako alilia peke yake sakafuni. Mwisho akanipigia mimi."

Zamfira alitumbukiza mkono kwenye unga, akaitoa simu. Alimweleza Gelu yote, akingoja achekwe.

Gelu hakucheka. "Njoo nayo dirishani."

Walipofika dirishani waliiwasha simu, wakangoja. Saa ikarudi nyuma saa nzima.

"Sasa twende nyuma ya nyumba."

Chini ya mti wa plamu, ukuta ukiwa kati yao na mto, walingoja tena. Saa ikasonga mbele, ikawa sawa.

"Costin haji huku nyuma?" Zamfira aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tazama kule." Gelu alimrudisha mbele, akamwonyesha mlima wa ng'ambo. Juu yake ulisimama mnara mpya. "Ule ni mnara wa simu wa Serbia. Simu hufuata mnara wenye nguvu. Ukiketi hapa, simu inadhani umevuka mto. Serbia wako nyuma yetu saa moja, ndiyo maana saa inarudi. Na kampuni yako inakukaribisha ugenini."

"Na salio?"

"Serbia haimo katika Umoja wa Ulaya. Ndani ya Umoja, laini ya hapa nyumbani hutumika kwa bei ya nyumbani, maadamu uko safarini tu. Nje ya Umoja, bei ni nyingine kabisa. Simu ilikuwa inavuta data yenyewe, kimya kimya. Na ugenini hata kupokea hulipiwa: salio likiisha, simu ya kupigiwa haiingii."

Zamfira alikaa kwenye benchi. "Lakini kwa nini saa kumi na dakika kumi?"

"Kwa sababu wewe huketi hapa muda huo."

"Dakika ile ile, Gelu? Siku tatu?"

Gelu alikuna shingo. "Hiyo siijui, mama. Mimi najua minara."

Zamfira alitoa laini mpya aliyoletewa na mpwa wa Ruja kutoka kituo cha mafuta. Pakiti yake iliandikwa "Ulaya Nzima". Gelu aliigeuza nyuma, akasoma herufi ndogo.

"Hii ni ya data tu. Haina namba ya kupigiwa. Hospitali ikikutafuta, itakutafutia wapi? Halafu soma orodha ya nchi. Serbia haipo, na sisi tunapita Serbia mchana kutwa. Neno Ulaya kwenye tangazo si Ulaya yote ya ramani. Usinunue kabla ya kusoma orodha."

"Basi ninunue ya Italia nikifika?"

"Ungekuwa unahamia, sawa. Wewe unakaa wiki sita. Baki na namba yako, ndiyo Sanda anaijua. Nenda dukani kwa kampuni yako, uombe kifurushi kinachotaja Serbia kwa jina, chenye dakika za kupiga na kupokea. Kianze kabla hatujaondoka."

Kisha alimwonyesha mahali pa kuzima data ya ugenini, na namna ya kuchagua mtandao wa nyumbani kwa mkono anapoketi dirishani. Tangu hapo saa ya simu haikurudi nyuma tena pale dirishani.

Zamfira alinunua kifurushi, akairudisha simu ichague mtandao yenyewe, na Jumanne waliondoka. Mpakani simu zote ndani ya basi zilitetemeka kwa pamoja, na saa zote zikarudi nyuma. Abiria waliendelea kula mbegu za alizeti. Zamfira peke yake alijifanyia ishara ya msalaba.

Katikati ya Serbia simu yake ililia.

"Mama, chupa imepasuka. Naogopa."

"Piga mia moja kumi na mbili sasa hivi, waje na gari la wagonjwa. Kisha nipigie tena."

"Na usipopokea? Kama siku ile?"

"Nitapokea, mwanangu."

Alipokea. Alipokea Sanda alipopiga kutoka kwenye gari la wagonjwa, akapokea tena alipopiga kutoka hospitalini, akamhesabia pumzi hadi mpaka wa Kroatia na kupita. Walipofika Padova, mtoto wa kike alikuwa amelala kifuani kwa mama yake.

Zamfira alimpigia Ruja, aliyekuwa nyumbani kwake akilisha mbuzi.

"Ruja, nifanyie jambo. Ile saa ya ukutani, itie ufunguo. Inatosha sasa."

Hatua zilisikika zikielekea ukutani. Kisha Ruja akasema polepole:

"Mbona inatembea? Tangu juzi mlipoondoka. Nilidhani ni wewe."

"Si mimi."

"Inatembea vizuri. Ila iko nyuma saa moja."

Zamfira alitazama saa ya hospitali. Italia nako wako nyuma saa moja. Alimtazama mjukuu wake, kisha simu mkononi mwake. Gelu alikuwa amemweleza kila kitu kuhusu minara.

Lakini saa ya ukutani haina laini.